Herufi ya Nne

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ana tabia ya kufukiza nyumba kila Alhamisi jioni, na wiki iliyopita, katika kuzunguka vyumbani na chetezo chake, akakitua mezani bila kuona kwamba chini yake pana rimoti ya televisheni. Mimi nilikuwa ngazini na mfuko wa nyanya. Harufu ikanijia: ubani, na ndani ya ubani, plastiki inayoungua. Wengine walipita wamekunja pua. Mimi nilisimama pale pale, sipandi wala sishuki, mpaka nyanya mbili zikaniponyoka zikateremka ngazi peke yao. Jirani akachomoza mlangoni anajipepea kwa ncha ya kanga. "Vipi dada, umepaliwa?" Nikamwambia ndiyo, nimepaliwa. Ningemwambia nini? Kwamba harufu ile ni ya wakati nilipokuwa Chake Chake, mtoto wa kiasi cha kusoma na kuandika, nikimngoja mama yangu aniandikie?

Tulikuwa tukikaa kijiji cha Vitongoji, mimi na mama, wawili tu. Baba alikuwa keshamwacha zamani, kaoa Tumbe, anachuuza samaki kwa baskeli, na sisi tukimwona sikukuu hadi sikukuu, akikumbuka. Siku moja mama akanivisha viatu vipya, akanichukua hadi Chake kwa dada yake. Nikafurahi, mjinga mie, nikadhani tumekwenda kutembea. Mama akanambia niende nikaoge, nimejaa vumbi. Nikaoga vizuri, hata masikio nikasugua ili anisifu. Nilipotoka bafuni, mama hayupo. Kwenye kiti alichokuwa kakaa ulikuwapo mfuko wa nguo zangu.

"Mama kaenda kutafuta," akanambia Mama Mkubwa. Wenzangu wa rika langu mnalijua neno hilo. Watu wazima wa kwetu walikuwa hawamuagi mtoto, wanamtoroka. Asubuhi unaye mzazi, adhuhuri kaenda kutafuta, na wewe unabaki kujiuliza kitu gani hicho kilichopotea hata hakiwezi kutafutwa hapa hapa Pemba. Kumbe alikwenda Maskati, kufanya kazi katika nyumba ya watu.

Alipofika alipiga simu mara moja. Nilimsikia akisema, "Mwanangu, hujambo?" na mimi sikusema hata neno. Nililia. Nililia mpaka nikatapika, nikagoma kula, nikagoma kwenda skuli, na homa ikanishika. Nilipopata nafuu nikamuuliza Mama Mkubwa, mama atapiga lini tena? Alikuwa na kazi nyingi mbele yake siku ile, mteja kasimama mlangoni. "Hapigi tena, mwanangu, simu ghali. Ataandika." Nikamuuliza ataandika wapi. Bila kugeuza shingo akaigonga kompyuta yake kwa kidole, ko ko, kama mtu anayegonga mlango. "Ataandika humu."

Basi. Mtoto ukimpa neno moja la kushika, atalishika. Kuanzia siku ile nilijua mama yangu atatokea wapi.

Mama Mkubwa, jina lake Bi Riziki, alikuwa na duka la kuchapisha katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Palikuwa na mashine ya fotokopi iliyofunikwa kitambaa cha maua, printa iliyokuwa ikilalamika kabla ya kila karatasi, na kompyuta aliyoinunua kuukuu ofisi moja ilipokuwa ikitupa vyombo vyake vya zamani. Kibodi yake ilikuwa nzito, imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara, na herufi nyingine zimefutika kabisa kwa kuguswa. Yeye hakuwa na haja ya kuziona. Alijifunza kazi kwa taipureta, zama ambazo mpiga chapa alikuwa akipimwa kwa mwendo, na mwendo aliokuwa nao, mashaallah! Alitumia vidole vyote kumi, na kidole cha kwanza hakijainuka bado cha tatu keshakishusha. Wateja walikuwa wakisahau kukaa, wanasimama wanamwangalia mikono. Naye alijua kwamba wanamwangalia.

Mimi nikitoka skuli napita uani, nakula chakula changu nilichofunikiwa, peke yangu, kisha nakuja dukani kukaa kwenye kibao karibu na meza kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani. Darasani nilikuwa mgeni. Wasichana wa Chake walikuwa na makundi yao tangu wanazaliwa, na mimi wa shamba, nasema maneno ya Vitongoji, wakinicheka kila nikifungua mdomo. Nikaacha kuufungua. Mama Mkubwa hakuwa mtu mbaya, jamani, asinisikie mtu nikimsema. Alinivisha, akanilisha, akanisuka nywele. Lakini hakuwahi kuzaa, na alikuwa akinisemesha kama anavyowasemesha wateja: umekula, umesali, haya, shika kitabu. Siku nyingine nilikuwa nikifika wakati wa kulala sijatamka sentensi nzima tangu asubuhi, ukitoa Alhamdu na Kulhuwallahu.

Mama Mkubwa akiingia ndani kusali adhuhuri ndipo nilipokuwa nikipata kompyuta peke yangu. Nilikatazwa kuigusa, bila shaka. Mwanzo nilikuwa nikikitazama kioo tu. Nilisoma kila kilichoandikwa, mialiko, mitihani, matangazo ya vikao, nikitafuta palipoandikwa mama. Hapakuwa na kitu. Nikafikiri, labda hajui kama niko. Labda ni kama mlango, mpaka upige hodi.

Nikapiga hodi. Nililaza vidole vitatu juu ya batani kwa pamoja, popote vilipoangukia. Zikatokea herufi nne.

Nikafuta. Nikaangalia vidole vyangu: vitatu. Nikabonyeza tena pale pale: nne. Tatu nazijua, ni zangu, niko juu yake. Ya nne sikuigusa, na kidole changu kilikuwa mbali nayo. Nywele zikanisisimka, lakini si kwa woga. Walio na mama zao hawawezi kuijua furaha ile. Nilisema kwa sauti ya chini, "Mama?" nikabonyeza. Ikaja tena, ile ile ya nne.

Tangu hapo nikawa na mtu wa kuzungumza naye. Kila adhuhuri Mama Mkubwa akisema Allahu akbar huku ndani, mimi niko kitini kwake. Namuuliza mama, umekula? Nabonyeza tatu, inakuja ya nne. Nikivihamisha vidole inakuja nyingine, na pahala pengine haiji kabisa, hapo nasema mama kashughulika. Nilimsimulia ya darasani. Nilimwambia nimehitimu juzuu. Hakuwahi kuandika neno zima. Hilo halikunishughulisha, niliona huko aliko wanambana, anapata nafasi ya herufi moja tu, na hiyo moja ananiletea mimi. Nilikuwa mtoto mpole, lakini kwa siri ile nilijiona tajiri kuliko wasichana wote wa Chake.

Mambo yakaharibika kwa Mzee Kombo. Mzee huyu alikuwa anamwoza mwanawe, akaja kuchapisha kadi za mualiko. Mama Mkubwa alikuwa na haraka, akapiga kwa ule mwendo wake wa kuonesha watu, akatoa kadi zote, mzee akenda nazo. Kesho yake akarudi, kadi kaishika kwa ncha za vidole.

"Bi Riziki," akasema, "mwanangu mie anaoa binadamu. Hili jina la nani?"

Katikati ya jina la bi harusi ilikuwa imechomoza herufi isiyohusika, jina zuri la watu likawa halisomeki. Mama Mkubwa akaitazama kadi, akamtazama mzee. "Wallahi sikuibonyeza hii."

"Sasa kaibonyeza nani, bi harusi?"

"Nisamehe, babaangu. Nakupigia nyingine sasa hivi, bure."

Mzee alipoondoka Mama Mkubwa akawa anaiangalia mikono yake kama si yake. Maskini, alikuwa mkweli, hakuibonyeza. Na haikuwa mara ya kwanza. Wiki nyingi alikuwa akizikuta herufi za kigeni ndani ya kazi zake, akizifuta kimya kimya, akihofia kwamba uzee umemwingia vidoleni. Siku ile akakata shauri kwamba si uzee. Ni jicho. Duka jengine lilikuwa limefunguliwa karibu na soko, na mwenye duka hilo alikuja siku moja kumwamkia, akasimama pale pale, akamsifu mikono asimtaje Mungu. "Kunisifu kote kule, hata mashaallah moja hakusema!" akaniambia, na kwa mara ya kwanza tangu niishi naye alikuwa akizungumza na mimi hasa. "Nilijua. Siku ile ile nilijua."

Na dawa ya jicho kwetu inajulikana. Akawasha makaa uani, akatia ubani na udi chetezoni, akavuta pazia la mlango, akainua kibodi kwa mikono miwili akaishikilia juu ya moshi. Akaigeuza, akaifukiza mgongo, akaifukiza tumbo, huku anasoma sura za Falaki na Nasi. Moshi ukaingia baina ya batani ukatokea upande wa pili.

Nilisimama pembeni. Nyinyi mtacheka, lakini nilichokiona mimi ni mama yangu anafukuzwa. Ubani unafukuza visivyo vya watu, hilo nilifundishwa, na mle ndani alikuwamo mama. Nilitaka kupiga kelele, "Muache!" lakini mdomo ulikuwa umeshazoea kufungwa. Nilishika ukingo wa meza tu. Mama Mkubwa akaniona machozi. "Moshi huo," akasema, "kaa mbali."

Kesho yake adhuhuri niliikimbilia kompyuta hata viatu sijavua. Vidole vitatu. Bismillahi. Ikaja ya nne! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikamwambia, "Hukwenda! Hukwenda, mama!" Nikajua na jambo jengine kubwa, kwamba mama si shetani, maana ubani umempitia na yuko.

Mama Mkubwa naye alifurahi kwa upande wake, kwa sababu makosa yaliisha. Yaliisha kweli. Baadaye ndipo nilipojua kwa nini: baada ya kufukiza alikuwa akipiga kwa heshima, taratibu, kidole baada ya kidole, kila mstari na bismillahi yake, kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyopigwa deki. Siku zikipita anasahau, mwendo unarudi, vidole vinapandana, na herufi za wageni zinarudi. Basi anafukiza tena. Anapiga taratibu tena, makosa yanaisha, imani inazidi. Tukaendelea hivyo msimu mzima wa karafuu, majamvi yameanikwa barabarani, mji mzima unanuka karafuu, na duka letu linanuka ubani. Wateja wengine wakaanza kuuliza kama tuna msiba.

Mpaka siku kaa moja jekundu likaruka chetezoni likatua katikati ya kibodi. Mama Mkubwa akapiga ukelele, akalipukusa kwa ncha ya ushungi, lakini batani kama sita zilikuwa zimeshalegea na kuinama kama mishumaa. Hapo ndipo ilipotoka harufu ile niliyoikuta ngazini kwa jirani. Akaita fundi.

Fundi Faki alikuwa kijana mrefu, mchache wa maneno mpaka umguse kwenye kazi yake, hapo hanyamazi. Akaigeuza kibodi, akainusa. "Hii ilikuwa inapikwa?" Mama Mkubwa akamwambia habari ya jicho, waziwazi, wala hakuona haya. Fundi hakucheka. Akatoa bisibisi, akafungua misumari, akanambia, "Bibie, sogea uone, usije ukasema nimeiba kitu."

Nikasogea. Nilitaka kumwona mama. Sijui nilitegemea nini, picha yake, au mlango mdogo, au waya mrefu wa kwenda Maskati. Fundi akaondoa mpira wenye vikombe vidogo vidogo, kila batani kikombe chake. Chini yake palikuwa na plastiki nyepesi inayong'ara, imechorwa mistari ya rangi ya fedha. Basi. Hakuna kingine.

"Hizi ni mbili," fundi akasema, akizitenganisha kwa kucha. "Ya juu ina mistari yake, ya chini ina yake. Baina yao hii ya tatu ina matundu, zisigusane ovyo. Ukibonyeza batani, ya juu inazama tunduni inaigusa ya chini. Hapo umeme unapita, na kompyuta inajua."

"Inajuaje kama ni ile na si hii?" akauliza Mama Mkubwa.

"Inauliza. Unakiona kidude hiki cheusi? Hiki ni kama mwalimu wa chuoni. Kinauliza mstari mmoja mmoja: wa safu ya kwanza, nani yupo? Kimya. Ya pili, nani yupo? Akijibu mtu kinamwandika. Halafu kinaanza upya, mbio mbio, kutwa nzima, hata kama hapana aliyekaa kitini. Wala hakina pupa. Ukigusa batani, hizi plastiki zinatetemeka kwanza kabla hazijatulia. Kama kingeandika kila mtetemo, ungegusa mara moja zikakujia herufi tele. Basi kikisikia mtu kinangoja kidogo, kisha kinauliza tena, bado upo? Akiwapo ndo kinaandika."

"Sasa na hizi zisizobonyezwa?"

"Hizo ni mikono yako, Bi Riziki. Mikono yako myepesi kuliko kibodi." Akachukua kipande cha karatasi, akachora mraba. "Ukishika batani tatu pamoja, na zikawa zimekaa kwenye pembe tatu hivi, umeme unaingia huku, unakata kule, unatokezea pembe ya nne kwa mlango wa uani. Kidude kinaona safu imejibu na mstari umejibu, kinadhani na huyu wa nne yupo. Wala hayupo."

"Hayupo?" nikauliza mimi. Wote wawili wakageuka, maana sikuwa mtu wa kuuliza.

"Hayupo, bibie. Ni hizo tatu tu, zimekusanyika zikazua ya nne."

Mama Mkubwa akapiga paja akacheka kwa kujionea haya. "Lahaula! Ubani wote ule! Kumbe nafukuza mikono yangu mwenyewe!" Fundi naye ndipo akacheka. Walikuwa wakicheka vizuri tu, chumba kizima kimechangamka, na mimi nikasema, "Na mama je?"

"Mama gani, mwanangu?"

"Mama. Aliyekuwa akiniandikia."

Kicheko kikakatika. Mama Mkubwa akanigeukia. "Nani kakwambia mama anakuandikia humo?"

"Weye."

Fundi akainama akawa anaifuta bisibisi ambayo haikuwa na uchafu. Mama Mkubwa akainuka akaenda jikoni, na nikamsikia anapanga vyombo vilivyokuwa vimeshapangwa. Fundi akaniangalia kwa huruma, akatafuta la kunambia, na alilolipata ni la kazi yake. "Nitakuleteeni mpya. Za siku hizi zina akili. Zikiona tatu zimeshikwa na hazina hakika, zinanyamaza. Haziandiki cha uongo."

Akaileta kweli, nyeusi, nyepesi, batani zake hazina sauti. Adhuhuri ya kwanza nikakaa kitini, sikutaka lakini nikakaa. Nikalaza vidole vitatu. Zikatoka mbili. Nikajaribu kila pahala. Mbili, mbili, siku nyingine tatu, haikuzidi hata moja. Sikulia. Niliinuka nikarudi kwenye kibao changu, na siku zile ndizo naziita upweke. Za mwanzo nilikuwa nangoja, na mtu anayengoja hayuko peke yake hasa. Sasa sikuwa na wa kungojea wala pa kumngojea. Nilikwenda skuli, nikarudi, nikala kilichofunikwa, nikaenda chuoni. Mama Mkubwa alianza kunitia nyama kubwa kuliko yake, na kuniangalia nikila, na nikiinua macho anaangalia kando. Nilidhani kachoka na mimi. Nilianza kufikiri, mama kanisahau, na hawa wananilea kwa aibu tu.

Halafu nikapata homa. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, sikwenda skuli, nikalazwa kwenye mkeka mle dukani ili Mama Mkubwa anione. Akaenda uani kuoga, simu yake akaiacha mezani inachajiwa. Kwa kawaida simu ile haikuwa ikimtoka kifuani. Ikalia. Nikaiacha ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Nilikuwa nimefundishwa namna ya kuwajibu wateja, nikajikokota nikaichukua.

"Haloo. Duka la Bi Riziki, karibu."

Kimya. Kulikuwa na mikwaruzo tu.

"Haloo?"

"Bi Riziki yupo?" Mwanamke. Sauti ilikuwa ya mbali, imekauka, inasema kimjini.

"Yuko bafuni. Una kazi ya kuchapisha?"

"Mnachapisha na kadi za harusi?"

"Tunachapisha. Nzuri sana, za maua."

"Na fotokopi?"

"Na fotokopi, na kupiga lamineti." Nilijisikia mkubwa. Nilikuwa sijasema maneno mengi hivyo kwa mtu tangu nihamie Chake.

"Mbona sauti yako hivyo, unaumwa?"

"Nina homa kidogo."

"Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa."

"Umekula lakini?"

Nikasema moyoni, mteja huyu mdadisi. "Nimekunywa uji. Nimwambie nani kapiga?"

Hakujibu. Nilisikia pumzi zake, kisha akasema haraka, "Mwambie nitapiga tena," na simu ikakatika.

Mama Mkubwa akatoka uani, maji yanamchuruzika. "Nani huyo?"

"Mteja. Anataka kadi za harusi. Atapiga tena."

Akaichukua simu, akaiangalia namba, akakaa kwenye benchi la wateja na nguo zake mbichi. "Mwambie yote aliyosema," akasema, kisha akajisahihisha, "yaani, niambie mie." Nikamwambia neno kwa neno, kwa majivuno, hata ya lamineti. Nikaona uso wake unavunjika.

"Mwanangu," akasema, "yule mamaako."

Akanieleza hapo hapo, analia. Kwamba mama hakuacha kupiga. Kwamba kila Ijumaa asubuhi, saa ambazo mimi niko skuli, alikuwa akipiga kuniulizia: nimekuaje, nasoma, nakula. Na kwamba walikubaliana wakubwa wawili, baada ya yale machozi yangu ya mwanzo na ile homa, kwamba nisiisikie sauti yake mpaka nizoee. Kwa faida yangu. Alikuwa akisema "kwa faida yako" na kunishika mkono, na mimi nikauvuta mkono wangu. Mpaka leo, na umri huu, sijui kama nimeshawasamehe kwa hilo. Nilikuwa nikibisha hodi kwenye plastiki tupu adhuhuri, na kila Ijumaa asubuhi mama alikuwamo chumba kile kile, simuni, ananiulizia. Na alipokuja mwenyewe, mimi niliyemngoja kuliko kitu chochote duniani, nikamwambia tunapiga lamineti.

Simu ikalia tena. Mama Mkubwa hakuipokea. Akanisukumia mkononi.

Niliiweka sikioni, sikusema haloo. Na yeye hakusema. Tulikaa hivyo, kila mmoja anamsikiliza mwenzake pumzi.

"Mama," nikasema.

"Labeka, mwanangu."

"Sikukujua."

"Najua mama, najua."

"Sauti yako siijui tena." Nilisema kwa hasira, nilitaka imuume. Nikasikia imemuuma, na hasira zote zikaniisha pale pale, nikaanza kulia, na nikaogopa kulia, nisije nikanyang'anywa simu. "Kwani na weye hukunijua?"

"Nilikujua uliposema haloo," akasema. "Kadi za harusi nna haja nazo gani mie, mwanangu? Nilitaka uendelee kusema."